Doa la Chunusi: Futa Doa, Usifute Rangi Yako

Chunusi imepona. Haiumi tena, haina usaha, ukiigusa ni tambarare kabisa. Lakini pale ilipokuwa pamebaki doa jeusi. Ukisimama mbele ya kioo unahesabu: manne shavuni, matatu kidevuni, mengine kwenye paji la uso. Darasani kuna mtu ameshakupa jina la utani. Halafu jioni rafiki yako wa bweni anakuvuta pembeni na kukuonyesha kakopo kadogo kasichoandikwa kitu. "Paka hii wiki mbili tu, uso utakuwa laini kama wa mtoto!"

Je, utafanyaje?

Makala hii tumeiandika kwa ajili ya dakika hiyo. Hatutakuambia kwamba madoa si kitu, maana tunajua yanavyouma moyoni. Wala hatutakuambia uvumilie tu. Dawa za kupunguza madoa ya chunusi zipo kweli, na mojawapo tutaieleza hapa kwa kirefu. Ila kabla hujapaka chochote elewa jambo moja: kutibu doa ni kitu kimoja, kubadili rangi ya uso mzima ni kitu kingine. Wanaokuuzia kakopo kasicho na jina hupenda kuvichanganya hivyo viwili.

DOA LIMETOKA WAPI?

Ndani ya ngozi yako kuna chembe hai zenye kazi ya kutengeneza rangi. Rangi hiyo inaitwa melanini. Kila binadamu anazo chembe hizo, awe wa Shinyanga, wa Muscat au wa Norwei, na idadi yake ni karibu sawa kwa watu wote. Tofauti ni kiasi cha rangi zinachotengeneza na jinsi rangi hiyo inavyosambazwa. Melanini si uchafu, ni kinga. Inazuia miale mikali ya jua isiharibu chembe hai zilizo chini yake.

Sasa, chunusi inapotokea, ngozi inavimba na kupata joto. Chembe za rangi zinashtuka. Ni kama mtaa uliosikia yowe la mwizi usiku: watu wote wanatoka nje na marungu, na hata mwizi akishatoweka zamani bado wanazungukazunguka. Ndivyo melanini inavyozidi kutengenezwa mahali pale hata baada ya chunusi kupona. Hilo ndilo doa.

Kwa hiyo doa halina maana kwamba wewe ni mchafu au hunawi. Watu wenye ngozi nyeusi hupata madoa haya zaidi kwa sababu chembe zao za rangi ni hodari wa kazi. Na siyo wasichana tu. Mvulana anayenyoa ndevu kwa wembe butu akapata vipele vya kidevuni anabaki na madoa yaleyale.

Doa lililo juujuu huwa la kahawia au jeusi. Ngozi ya juu kabisa hujibadilisha taratibu, kiasi cha mwezi mmoja au zaidi kidogo kwa kila awamu, na doa la namna hiyo hufifia lenyewe baada ya miezi kadhaa. Lililozama chini huwa na rangi ya kijivu au kibluu, na linaweza kukaa miaka. Shika hesabu hiyo ya miezi, maana itakusaidia kumtambua mwongo. Mtu anayekuahidi uso mpya kwa siku saba ama hajui ngozi inavyofanya kazi, ama anaijua vizuri sana na anataka hela yako.

HAKIKISHA NI DOA LA CHUNUSI

Kuna mabaka mengine yanayohitaji daktari, siyo krimu. Nenda zahanati au hospitali ukiona mojawapo ya haya:

– Baka lililopauka au jekundu ambalo ukiligusa au kulichoma kidogo huhisi kitu. Hiyo inaweza kuwa dalili ya ukoma, na ukoma unatibika kabisa ukiwahiwa.

– Doa jipya jeusi linalokua unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha.

– Doa linalotoa damu, lenye kidonda kisichopona, au linalobadilika umbo.

– Chunusi kubwa zenye maumivu zinazoacha mashimo usoni. Hapa madoa ni jambo la pili. Chunusi zenyewe zitibiwe kwanza.

KUNA NINI NDANI YA KAKOPO?

Turudi kwa yule rafiki wa bweni. Huenda ana nia njema. Lakini mkorogo haufanani kopo moja na jingine, na aliyeukoroga hajaandika alichotia. Vinavyokutwa humo mara nyingi ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni zebaki, yale madini ya majimaji yaliyomo kwenye vipimajoto vya zamani. Zebaki huzuia melanini, ni kweli. Lakini hupenya ngozi ikaingia mwilini na kuharibu figo, na huathiri pia ubongo na mishipa ya fahamu. Tena haiishii kwa mpakaji. Inabaki kwenye taulo na mashuka, na mvuke wake huvutwa na watu wa nyumba nzima, hata mtoto mchanga asiyejua kipodozi ni nini. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, ulitaka vipodozi vyenye zebaki viondolewe sokoni.

Cha pili ni dawa za steroidi zenye nguvu, kama klobetasoli na betamethasoni. Hospitalini zinatumika kutibu magonjwa fulani ya ngozi kwa muda mfupi. Zikipakwa usoni kila siku bila mpango, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa ya damu inaonekana, michirizi inatokea, na vinaota vipele vipya ambavyo ni vibaya kuliko vile vya kwanza. Na ukiacha, uso unawaka moto na kuwa mwekundu, kwa hiyo unarudi kupaka tena. Ndipo mtu ananaswa.

Cha tatu ni haidrokwinoni. Hii nayo ina historia yake. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliandika habari za wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi ambao mikono yao ilianza kutoka mabaka meupe. Wakachunguza, wakagundua kuwa glavu zao za mpira zilikuwa na kemikali ya jamii ya haidrokwinoni. Baadaye haidrokwinoni yenyewe ikawa dawa ya madoa, na hadi leo daktari wa ngozi anaweza kumwandikia mgonjwa kwa kiasi kidogo na kwa miezi michache, huku akimchunguza.

Balaa lilikuja ilipoanza kuuzwa kama mafuta ya kujipaka kila siku, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1975 daktari wa Afrika ya Kusini aitwaye Findlay na wenzake walieleza habari za wanawake waliotumia krimu hizo na nyuso zao, badala ya kung'aa, zikawa na weusi wa kibluu wenye vijipele vidogo vigumu. Hali hiyo ni ngumu sana kuondoka. Fikiria mwenyewe: mtu amenunua weupe, amepewa weusi usiofutika! Afrika ya Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka 1990, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001. Tanzania na Kenya nazo haziruhusu zebaki wala haidrokwinoni kwenye vipodozi.

Basi soma karatasi ya kopo. Ukikuta maneno Mercury, Calomel, Hydroquinone, Clobetasol au Betamethasone kwenye kitu kinachouzwa kama kipodozi, kirudishe. Na kama kopo halina karatasi kabisa, hilo nalo ni jibu.

DAWA ILIYOTOKANA NA FANGASI

Sasa tuseme habari njema. Bila shaka umeshaona mtu mwenye mabaka yaliyopauka shingoni au mgongoni, yenye magamba membamba, yanayoonekana zaidi wakati wa joto. Hayo huletwa na fangasi wanaoishi juu ya ngozi zetu sote. Katika miaka ya 1970, mjini Roma, Italia, daktari Marcella Nazzaro-Porro na wenzake walijiuliza: kwa nini pale alipo fangasi huyu ngozi inapauka?

Mwaka 1978 walitoa jibu. Fangasi huyo hutengeneza vitu vinavyozuia kimeng'enya kiitwacho tairosinesi, na bila tairosinesi melanini haitengenezwi. Kimoja cha kuchunguzwa zaidi kikawa asidi ya azelaiki. Kitu hichohicho kimo pia ndani ya nafaka kama ngano na shayiri. Baadaye madaktari wakaona kwamba inatibu na chunusi zenyewe, maana inapunguza bakteria wa chunusi, inasaidia kufungua vitundu vya ngozi vilivyoziba, na inatuliza uvimbe.

Ndiyo maana tumeichagua tuieleze kwenu. Mwenye chunusi na madoa anapata kazi mbili kwa krimu moja. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba asidi ya azelaiki huzigusa hasa chembe za rangi zilizozidisha kazi. Zile zilizotulia haizibughudhi sana. Kwa hiyo inapunguza doa, lakini haikugeuzi kuwa mtu mwingine. Anayeitafuta ili awe mweupe atakuwa amepoteza fedha zake.

Kwenye maduka ya dawa huwa ni krimu ya asilimia 20 au jeli ya asilimia 15. Nyingine hafifu huwa za asilimia 10. Kwenye boksi utasoma Azelaic Acid. Si kila duka linayo. Nunua kwenye duka la dawa lenye mfamasia, siyo gulioni wala kwa mtu anayepita na begi mabwenini, na kwanza mwone daktari au mtaalamu wa ngozi akuhakikishie kuwa inakufaa. Mwenye pumu amwambie daktari mapema.

JINSI YA KUITUMIA

1. Ijaribu kwanza. Paka kidogo nyuma ya sikio au ndani ya mkono kwa siku mbili tatu. Ukivimba au kutoka malengelenge, iache.

2. Osha uso kwa maji na sabuni isiyo kali. Usisugue kwa dodoki wala jiwe. Jifute kwa kubonyeza taulo taratibu, usubiri uso ukauke.

3. Paka utando mwembamba sehemu yote yenye chunusi na madoa. Uso mzima unahitaji kama sentimita mbili na nusu tu za krimu. Kuweka nyingi hakuongezi kasi, kunaongeza kuwashwa.

4. Epuka macho, midomo na ndani ya pua. Nawa mikono ukimaliza.

5. Anza polepole. Wiki ya kwanza na ya pili paka usiku mmoja, uruke mmoja. Ngozi ikizoea, paka kila usiku, halafu asubuhi na usiku kama daktari alivyosema.

6. Ngozi ikikauka, paka mafuta ya kawaida yasiyo na manukato juu yake.

7. Usichanganye na mkorogo, limau wala krimu ya rafiki. Dawa moja inatosha.

Siku za mwanzo utasikia mwasho au kuchomachoma kwa dakika kadhaa. Hiyo ni kawaida, na kwa wengi hupungua baada ya wiki chache. Kisicho kawaida ni uso kuvimba, kuungua hadi kutoa maji, au ngozi iliyozunguka doa kuanza kupauka. Hapo simama, urudi kwa daktari. Kumbuka, ngozi iliyoungua inaleta madoa mapya, kwa hiyo anayevumilia maumivu eti ili dawa ifanye kazi anajirudisha nyuma mwenyewe.

Chunusi huanza kupungua baada ya mwezi mmoja au miwili. Madoa yanachelewa zaidi, hesabu miezi mitatu hadi sita. Andika tarehe ya kuanza nyuma ya daftari. Usijitazame kila saa kwenye kioo. Jiangalie mara moja kwa mwezi, mahali palepale, kwenye mwanga uleule. Utashangaa.

JUA NA VIDOLE

Kuna maadui wawili wanaoweza kubatilisha dawa yoyote.

Wa kwanza ni jua. Doa likipigwa na jua linakolea, hata kwa mtu mweusi tii. Vaa kofia pana au jitande kanga unapotembea mchana, tumia mwavuli, kaa kivulini wakati wa mapumziko. Ukiweza, pata losheni ya kuzuia jua yenye namba 30 au zaidi, upake asubuhi. Wengine hudhani losheni hiyo ni ya watu wenye ualbino peke yao. Wao wanaihitaji kuliko wote, maana kwao ni suala la uhai, lakini mwenye madoa naye inamsaidia.

Wa pili ni vidole vyako mwenyewe. Ukitumbua chunusi unazidisha uvimbe ndani, na uvimbe ndio unaozaa doa. Chunusi moja iliyoachwa hupona. Iliyotumbuliwa inaweza kuacha alama ya mwaka mzima. Angalia pia mafuta mazito ya nywele yanayoteremka kwenye paji la uso, maana yanaziba vitundu vya ngozi.

MASWALI MNAYOULIZANA

Limau je? Si ni tunda tu?

Ni tunda, lakini limau na ndimu zikikaa kwenye ngozi halafu ukatoka juani, zinaweza kukuunguza na kuacha weusi mkubwa kuliko doa la mwanzo. Dawa ya meno nayo ni ya meno. Na dawa ya kuondoa madoa kwenye nguo ibaki kwenye nguo!

Sina hela ya krimu. Nifanyeje?

Usikate tamaa, na usiibe ada. Acha kutumbua, jikinge na jua, osha uso kwa upole mara mbili kwa siku. Madoa mengi ya juujuu yatafifia yenyewe, ila yatachukua muda mrefu zaidi. Uso ulioachwa bila dawa una hali nzuri kuliko uso uliopakwa sumu.

Nikiacha dawa, madoa yatarudi?

Lililofifia kwa kawaida halirudi lenyewe. Lakini chunusi mpya huleta doa jipya. Ndiyo maana daktari hutibu chunusi kwanza, au vyote viwili kwa pamoja.

Mbona fulani alitumia mkorogo na akapendeza?

Umemwona mwezi wa kwanza. Umemwona baada ya miaka mitatu? Tazama vifundo vya vidole vyake na masikio yake. Na figo zake huzioni.

KAMA UMESHAANZA MKORGO

Pengine unasoma haya na kopo liko chini ya godoro. Hatukuandikii kukucheka. Wengi walioanza walikuwa wanakimbia maneno ya watu, na maneno hayo yanauma kuliko chunusi.

Usipake tena mahali papya, wala usimpe mwenzako. Nenda hospitali na kopo lenyewe, ulionyeshe. Mweleze daktari umelitumia muda gani na sehemu zipi za mwili. Usione haya, wameshaona wengi. Kama mkorogo ulikuwa na steroidi na umeutumia muda mrefu, atakuelekeza namna ya kuacha ili mwili usipate mshtuko. Ukiona miguu au uso unavimba, mikono inatetemeka, au mkojo umepungua, usingoje likizo, nenda siku hiyohiyo. Mwambie na mlezi wako, au mwalimu unayemwamini.

Kama unaishi kaskazini mwa Tanzania, pale Moshi katika hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho kimekuwa kikifundisha wataalamu tangu mwaka 1992. Wataalamu kama hao sasa wako katika hospitali nyingi. Uliza hospitali ya wilaya au ya mkoa siku ya kliniki ya ngozi ni ipi.

NA WEWE ULIYETOA JINA LA UTANI

Neno la mwisho ni kwa wale wengine, wenye nyuso safi. Balehe haina adabu, kijana mwenzangu. Leo iko kwa jirani, kesho iko kwako. Unapomwita mwenzako "chui" kwa sababu ya madoa, unadhani ni mzaha, lakini ndiyo maneno yanayomsukuma kwa muuza makopo. Ukimwona rafiki yako anahangaika, mpe gazeti hili, au msindikize hospitali.

Na kesho ukivutwa pembeni ukaonyeshwa kakopo, uliza maswali matatu tu: ndani kuna nini, nani ameitengeneza, na itachukua miezi mingapi? Akishindwa kujibu, mrudishie kakopo kake, mwende mkalale. Asubuhi kuna mtihani.